Moyo Unapopoteza Mwendo Wake

Katika viungo vyote vya mwili wa mwanadamu, moyo ndio mtumishi asiyejua siku ya mapumziko. Mkulima huweka jembe chini jua linapotua, na karani hufunga majalada yake saa za kazi zikiisha, lakini moyo huendelea kupiga usiku na mchana, tangu mtoto akiwa tumboni mwa mamaye mpaka siku ya kufa kwake. Kwa mtu mzima aliyetulia, hupiga mara 60 hadi 100 katika dakika moja, na kwa siku nzima mapigo hayo hufika kama 100,000. Kwa kuwa kazi hii hufanywa kimya kimya, watu wengi huisahau, wala hawaukumbuki moyo ila siku unapokwenda vibaya.

Walakini mapigo ya moyo si siri iliyofichwa kifuani. Mtu akiweka vidole viwili au vitatu vya mkono mmoja juu ya kifundo cha mkono wa pili, upande wa kidole gumba, atausikia mshipa ukipwita. Kila mpwito ni pigo moja la moyo. Katika mtu mwenye afya mapigo hayo hufuatana kwa nafasi zilizo sawa, kama hatua za askari katika gwaride. Akipanda mlima au akiogopa, mapigo huongeza mbio, akipumzika hupungua. Katika vijana huweza hata kuharakisha kidogo wakati wa kuvuta pumzi na kupunguza wakati wa kuitoa. Hayo yote ni desturi ya mwili, wala si ugonjwa.

Ili kufahamu moyo unavyopoteza mwendo wake, yafaa kwanza kufahamu unavyoupata. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vyumba vya juu hupokea damu na kuisukuma katika vyumba vya chini. Navyo vya chini, ambavyo vina nguvu zaidi, huipeleka damu mapafuni na mwilini kote. Mnamo mwaka 1906, Mjapani aitwaye Sunao Tawara, aliyekuwa akifanya uchunguzi Ujerumani, alieleza njia ambayo amri ya kupiga hupita kutoka vyumba vya juu kwenda vyumba vya chini. Mwaka uliofuata, 1907, Arthur Keith wa Uingereza na mwanafunzi wake wa udaktari, Martin Flack, walitangaza kwamba wameona mahali amri hiyo inapoanzia: kifungo kidogo cha nyama kilichomo katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia. Kifungo hicho hutoa umeme hafifu sana, nao huenea moyoni kwa utaratibu.

Mfano wake ni ngoma ya kijijini. Yuko mpiga ngoma mmoja ambaye wengine wote humfuata, na wachezaji hukanyaga kwa pigo lake. Mara nyingine kijana mmoja huruka kabla ya wakati wake, kisha hurudi katika mstari. Moyo nao hufanya hivyo. Pigo moja huja mapema, kisha hupita kimya kidogo, na mwenye moyo huona kana kwamba kifua kimejikwaa. Mapigo ya namna hiyo ni ya kawaida katika watu wengi, na mara nyingi hayana madhara.

Lakini iko hali nyingine iliyo mbali na hiyo. Ni kama mpiga ngoma mkuu amezidiwa, na kila mtu katika umati ameshika ngoma yake na kuipiga apendavyo. Vyumba vya juu vya moyo haviminyi tena damu, bali hutetemeka tu, mara 300 au zaidi katika dakika moja. Amri nyingi ovyo hushuka chini, na vyumba vya chini hufuata baadhi yake bila mpango. Hapo mshipa wa mkono hupiga pigo kubwa, halafu dogo, halafu mawili ya haraka, halafu kimya, wala hakuna awezaye kukisia pigo lifuatalo. Jina lake la kitaalamu ni fibrilesheni ya atria. Kwa maneno ya kawaida ni mtetemeko wa vyumba vya juu vya moyo.

Jambo la kutia moyo katika habari hii ni kwamba ugonjwa huu haukufahamika kwa kazi ya mabingwa wa miji mikubwa peke yao. Mmoja wa watu walioufungulia mlango alikuwa James Mackenzie, Mskochi aliyeanza kazi ya udaktari mwaka 1879 katika Burnley, mji wa viwanda vya nguo kaskazini ya Uingereza. Alikuwa daktari wa watu wa kawaida, akizunguka nyumba kwa nyumba kuwatazama wagonjwa wake. Tabia yake moja ilimtofautisha na wengine: aliandika. Alitengeneza chombo cha kuchora mapigo ya mshipa wa mkono pamoja na ya mshipa wa shingo juu ya karatasi, akisaidiwa na fundi wa saa wa mji wa jirani, na michoro ya wagonjwa wake aliihifadhi mwaka baada ya mwaka kama karani mwema anavyohifadhi majalada.

Miongoni mwa wagonjwa hao alikuwamo mwanamke mwenye ugonjwa wa vali za moyo, ambaye Mackenzie alimwangalia kwa miaka mingi. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 mapigo ya mwanamke huyo yalivurugika. Mackenzie alipolinganisha michoro mipya na ya zamani, aliona kwamba wimbi moja dogo katika mshipa wa shingo, lile linalotokana na kuminya kwa chumba cha juu, limetoweka. Alidhani chumba kile kimepooza. Hapo alikosea kidogo, lakini alikuwa amekaribia sana. Mwaka 1909 Thomas Lewis, wa London, aliyetumia mashine ya kuandika umeme wa moyo iliyobuniwa na Willem Einthoven wa Uholanzi, alionyesha kwamba chumba hakikupooza, bali kinatetemeka. Mwaka ule ule wataalamu wawili wa Vienna, Rothberger na Winterberg, walifika penye ukweli huo huo kwa njia yao wenyewe. Lewis alichunguza hata farasi wenye mapigo yaliyovurugika, akaona hali ni moja. Einthoven alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1924, na mashine za ukoo wa ile yake, zijulikanazo kama ECG, ndizo zinazotumika hospitalini hata leo.

Huenda msomaji akauliza: kama mtu anaendelea kuishi na vyumba vya juu vinatetemeka, hatari ni nini? Hatari imo katika damu inayosimama. Maji ya mto yaendayo mbio hayashiki uchafu, lakini maji yaliyotuama katika kidimbwi hufanya utando. Hali kadhalika, damu isiyosukumwa vizuri hutuama katika kijifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto, ikagandamana na kufanya bonge. Siku moja bonge hilo hutoka, likashuka katika chumba cha chini, likatupwa pamoja na damu iendayo kichwani, likaziba mshipa wa ubongo. Hicho ndicho kiharusi. Mdomo hupinda, mkono huanguka, ulimi hukosa maneno. Uchunguzi mrefu ulioanzishwa mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba mtu mwenye mtetemeko huu hupatwa na kiharusi mara tano zaidi ya asiye nao.

Katika vijiji vingi bado wako watu ambao, mtu akianguka ghafula namna hiyo, hutafuta aliyemroga, au husema amepigwa na upepo mbaya. Siku nzima hupita katika kumtafuta mganga na kushtakiana, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani. Zaidi ya hayo, jirani asiye na hatia huchukiwa bure, na chuki hiyo hurithiwa na watoto. Laiti mtu mmoja katika nyumba ile angaliugusa mshipa wa mgonjwa miezi michache kabla, pengine angaliona kwamba adui hakuwa nje ya boma.

Ugonjwa huu huletwa na mambo mengi. Uzee ni mojawapo, kwa maana hutokea zaidi kadiri miaka inavyoongezeka. Shinikizo la damu lisilotibiwa huuchosha moyo na kutanua vyumba vyake. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huweza kuuleta, na ulevi mwingi pia. Lakini katika Afrika iko sababu nyingine ambayo Ulaya imekwisha kuwa haba: homa ya baridi yabisi. Mtoto huumwa na koo kwa sababu ya vijidudu viitwavyo streptokokasi, naye asitibiwe. Baada ya wiki mbili au tatu, viungo vyake huvimba na kuuma, na ndani, pasipo kuonekana, vali za moyo hujeruhiwa. Homa huondoka, mtoto hurudi shuleni, lakini jeraha hubaki na kukua naye. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ambao habari zake zilitolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa wa vali wa namna hii hawakuzidi umri wa miaka 28, na wengi wao walikuwa wanawake. Kama mmoja kati ya watano alikuwa tayari na mtetemeko wa moyo. Kwa hiyo hapa kwetu ugonjwa huu si wa wazee tu. Ni wa mama kijana mwenye mtoto mgongoni.

Habari njema ni kwamba dawa zipo, na asili zake zastahili kujulikana. Kazi ya dawa hizo ni mbili. Kazi ya kwanza ni kutuliza mbio za moyo au kuurudisha katika mwendo wake. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering aliandika kitabu juu ya mmea wa dijitalisi, ambao wanakijiji walikuwa wakiutumia kuponya uvimbe wa mwili. Dawa itokayo katika ukoo wa mmea huo ingali ikitumika kupunguza kasi ya moyo. Mwaka 1912 mfanya biashara mmoja Mholanzi alimwendea daktari Karel Wenckebach akamwambia kwamba yeye mwenyewe ameweza kuukomesha mvurugiko wa moyo wake kwa kwinini. Daktari hakusadiki, lakini siku ya pili yule mfanya biashara alirudi na moyo uliotulia. Kumbe alikuwa ameishi katika nchi zenye malaria, akaona kwa macho yake kwamba dawa ya homa ilituliza na moyo pia. Kutokana na habari hiyo ilipatikana dawa ya kwinidini. Jambo hili lisimdanganye mtu akanywa kwinini kwa ajili ya moyo. Dawa hiyo yaweza kuuharibu mwendo wa moyo vile vile, na siku hizi ziko dawa zilizo salama zaidi.

Kazi ya pili, ambayo ndiyo iliyo kubwa, ni kuizuia damu isigande. Dawa ya kazi hii ilitokana na ng'ombe. Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na wa kaskazini ya Marekani waliona mifugo yao ikivuja damu mpaka kufa baada ya kula majani makavu ya klova yaliyooza. Mwezi wa Februari mwaka 1933, mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin alisafiri katika dhoruba ya theluji, mwendo wa karibu kilometa 300, akiwa na ng'ombe aliyekufa, mzigo wa majani yale, na debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Alitaka kujua kitu gani kinawaua ng'ombe wake. Alifika katika maabara ya Karl Paul Link huko Madison. Link na wasaidizi wake walifanya kazi miaka sita kabla ya kuipata sumu yenyewe, mwaka 1939. Kutokana na sumu hiyo walitengeneza nyingine kali zaidi, ambayo mwaka 1948 iliuzwa kuwa sumu ya panya. Iliitwa warfarini, jina lililotokana na herufi za kwanza za shirika la chuo lililogharimia kazi hiyo. Ilipodhihirika kwamba kipimo kidogo huweza kumlinda mtu asipatwe na mabonge ya damu, ilikubaliwa kuwa dawa ya wanadamu mwaka 1954, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipewa alipougua moyo.

Asili hiyo ya dawa imewatia watu wengi mashaka. Mkulima mmoja wa chai katika nyanda za juu za Kenya, mtu aliyepita miaka 60, aligunduliwa na mtetemeko wa moyo siku alipokwenda kupimwa shinikizo la damu. Alipewa dawa ya kutuliza moyo, na warfarini, akaambiwa arudi mara kwa mara ili damu yake ipimwe, maana dawa ikizidi mtu huvuja damu, na ikipungua haimlindi. Alifuata amri hiyo kwa miezi michache. Kisha nauli ilimchosha. Naye jirani aliyewahi kufanya kazi katika duka la dawa za mifugo akamwambia kwamba anakula sumu ya panya. Mzee hakumwambia mtu. Aliviweka vidonge juu ya kabati, akaendelea kuchuma chai yake, wala hakuona tofauti yo yote.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, kikombe kilimponyoka mkononi. Mkewe alipomwuliza neno, alijibu maneno yasiyo na maana. Vijana walimchukua hospitalini saa ile ile. Maneno yalirudi baada ya siku chache, lakini mkono wa kulia haukurudi wote.

Mpwa wake, ambaye ni karani mjini, alipokwenda kumtazama alikuta vidonge vile juu ya kabati, vimefunikwa vumbi.

"Mjomba, mbona hukutuambia?" aliuliza.

"Mwanangu, mimi sikuwa naumwa," mzee alijibu polepole. "Mtu asiyeumwa anywe sumu ya panya kwa sababu gani?"

"Ni kweli mjomba, huua panya. Hata chumvi ikizidi huharibu chakula, na ikiwa kwa kiasi hukifanya kilike. Dawa hii haikuwa ya maumivu ya siku ile. Ilikuwa ya kulinda siku hii."

Mzee aliutazama mkono wake, akanyamaza. Tangu siku hiyo hunywa dawa yake kila jioni, na nauli ya kwenda kupimwa hutolewa na wanawe kwa zamu. Lakini chai huchumwa na wajukuu.

Siku hizi ziko dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, zilizoanza kukubaliwa kwa ugonjwa huu mwaka 2010 na baada yake, ambazo hazihitaji kupimwa damu mara kwa mara kama warfarini. Hata hivyo haifai mgonjwa kujibadilishia dawa. Uchunguzi wa mwaka 2022, uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao mtetemeko wao umetokana na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, dawa ile ya zamani iliokoa maisha zaidi kuliko moja ya zile mpya. Aspirini nayo, ambayo wengi huinunua dukani, haishiki mahali pa dawa hizi.

Basi yampasa msomaji afanye nini? Kwanza, auzoee mshipa wake. Akae kitako kwa utulivu dakika tano, kisha ahesabu mapigo kwa dakika moja kamili akitazama saa. Hasa mtu wa miaka 65 au zaidi, na mwenye shinikizo la damu, na aliyepata kuugua homa ya viungo utotoni, wasiache kufanya hivyo. Mapigo yakiwa hayana mpango, au yakizidi 100 mtu akiwa ametulia, aende hospitalini akaombe kupimwa kwa ECG. Kidole huonya tu, mashine ndiyo huthibitisha. Mvurugiko mwingine huja na kuondoka, kwa hiyo aandike tarehe na saa ulipotokea, akampe daktari karatasi hiyo.

Pili, mtoto anayeumwa na koo pamoja na homa asipewe asali na ndimu tu akaachwa. Apelekwe zahanati, kwa sababu penisilini, dawa isiyo ghali, huweza kuzuia homa ya baridi yabisi. Na yule aliyekwisha kupatwa na homa hiyo huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Mzazi asichoke kabla ya daktari kumwambia basi.

Tatu, mdomo ukipinda, mkono ukianguka, au maneno yakipotea, mgonjwa achukuliwe hospitalini saa ile ile, hata kama dalili zimeanza kupungua. Na nne, aliyepewa dawa ya kulinda damu asiiache kwa sababu hajisikii mgonjwa. Akiwa na shaka, aipeleke shaka hiyo kwa daktari, asiipeleke kwa jirani.

Mackenzie alikuwa na daftari, mfanya biashara alikuwa na moyo wake mwenyewe, na mkulima wa Wisconsin alikuwa na ng'ombe aliyekufa. Kila mmoja aliona jambo lisilo la kawaida, na badala ya kulipuuza alilipeleka penye maarifa. Msomaji ana vidole vitatu na saa ya ukutani. Dalili ya mvua ni mawingu, na katika ugonjwa huu mawingu hayo huonekana juu ya kifundo cha mkono, kwa mtu yeyote atakayekubali kutoa dakika moja kuyatazama.